Kitabu Kwenye Shikome

Mzazi wa Didia hakidharau kitabu. Hata yule ambaye hakujaaliwa kukalia dawati atauza ndama, au gunia la mpunga aliloliweka akiba, ili mwanawe apate sare, madaftari na vitabu vya kiada. Vitabu hivyo atavivika majalada ya gazeti la zamani au ya karatasi ya mfuko wa saruji, ataviweka juu ya kabati ambako mikono ya wadogo haifiki, na kila aingiaye atahadharishwa asiviguse. Na mtihani wa mwisho ukishapita vitasalia huko huko juu, pamoja na vyeti na kadi za kliniki, mpaka mchwa wavigundue. Heshima hii ni tukufu, nami siibezi hata kidogo, kwa maana ndiyo iliyowainua wana wengi wa wakulima wa pamba na dengu wakawa waganga, walimu na mahakimu. Walakini heshima peke yake ina baridi. Kitu kinachoheshimiwa bila kupendwa hushikwa kwa hofu, na haja iliyokifanya kishikwe ikishatimia huachwa bila majuto. Ndivyo tulivyopata, katika nchi iliyojaa watu wajuao kusoma, nyumba nyingi ambazo ndani yake hakuna asomaye.

Wengi hudhani kwamba dawa ya jambo hili iko shuleni. Didia yenyewe, iliyo kandokando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Tinde, inajulikana mbali kwa ajili ya shule ya sekondari ya Don Bosco inayoendeshwa na Wasalesiani, na si ajabu kwamba mwenyeji akiulizwa habari za kusoma huelekeza kidole huko. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye watoto wengi kuliko madawati, atafundisha irabu na silabi, na akiwa hodari atawafikisha watoto kwenye sentensi. Kuwapa shauku ya kujua sentensi inayofuata inasema nini ni kazi nyingine, inayohitaji utulivu, ukaribu na mapenzi ambayo kengele ya kipindi haiwezi kuyangoja. Mwaka 2010 ripoti ya kwanza ya Uwezo, tathmini ya ujifunzaji wa watoto, ilipoonyesha kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu tu, au karibu na hapo, walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, lawama zote ziliwaangukia walimu. Mimi ripoti ile niliisoma kwa jicho jingine. Mtoto ambaye akitoka darasani hakuti maandishi popote, isipokuwa kwenye pakiti ya chumvi na kwenye fulana ya mgombea wa uchaguzi uliopita, atayaonaje maandishi kuwa sehemu ya maisha? Atayaona kuwa desturi ya shule, kama gwaride la asubuhi, inayovuliwa pamoja na sare.

Na hapa Usukumani saa ya kitabu ilikwisha kutengwa kabla kitabu hakijafika. Jua likishatua, ng'ombe wakishaingia zizini na maziwa yakishakamuliwa, moto uliwashwa uwanjani mwa kaya, wakauzunguka wazee, vijana na wavulana, wakapashana habari za mchana na kuonyana juu ya kesho; moto huo pamoja na baraza lake ndio shikome, na hapana Msukuma wa umri wa makamo asiyeijua, ama kwa kuikalia ama kwa kusimuliwa. Wasichana na wadogo aghalabu walikuwa na kikao chao kwa bibi, karibu na mafiga, ambako matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yalitafunwa pamoja na karanga na hadithi zikaanza. Hapo ndipo alipokuwa akizunguka kila usiku Masala Kulangwa, yule mtoto ambaye mamaye, akiwa mja mzito, alijificha ndani ya makapi siku zimwi Shing'weng'we lilipowameza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Mtoto akazaliwa, akakua, akauliza baba yu wapi, na alipojibiwa akatoka kulitafuta zimwi, na kila kiumbe alichokiua akakileta nyumbani akiuliza kama ndicho, na kila mara mama akajibu kwamba bado, mpaka siku alipokutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na umma wote ukatoka ukiwa hai.

Tazama jinsi kisa hiki kilivyojengwa: mtoto huuliza, mama hujibu, mtoto hutoka tena. Msimulizi anapofika kwenye kila windo hunyamaza kidogo, na watoto waliokisikia tangu mwaka juzi hujibu kabla yake kwa sauti moja. Sijapata kumsikia mtoto akilalamika kwamba kisa hiki kimerudiwa mno. Kinyume chake, msimulizi akiruka windo moja kwa uchovu atasahihishwa na aliye mdogo kuliko wote. Kwa hiyo mzazi anayeona haya kwa sababu nyumbani mwake kuna kitabu kimoja tu cha hadithi, na kurasa zake zimeanza kukunjamana, hana sababu ya haya hiyo. Kitabu kilichosomwa mara thelathini kimekwisha kuwa mali ya mtoto. Anajua neno linalokuja kabla jicho halijalifikia, na furaha ya kulikuta pale pale alipoliacha ndiyo furaha ya kwanza ya msomaji.

Moto wa uwanjani umezimika katika kaya nyingi, hasa zilizojengwa karibu na barabara, na mahali pake pamekaliwa na televisheni au na simu inayopita kutoka mkono hadi mkono, lakini saa yenyewe haikufa. Baada ya ugali na kabla ya usingizi kuna muda ambao watu wote wa nyumba wako mahali pamoja, wameshiba, hawana haraka, na taa ya sola au ya umeme inatoa nuru iliyo safi kuliko kibatari kilichowatoa machozi wazazi wetu. Hapo ndipo mahali pa kitabu. Nimelishuhudia jambo hili katika nyumba ya majirani zangu, na naliandika kwa sababu lilinifundisha zaidi ya semina nyingi. Binti wa darasa la tatu alikuwa akisoma kisa cha Sungura na Fisi, kidole chake kikiufuata mstari. Mdogo wake, ambaye hajaanza shule, ameulalia mguu wa bibi akitazama picha. Na bibi, ambaye hajui herufi hata moja, anapeta choroko kwenye ungo wala hainui macho. Ukurasa ulipokwisha, bibi aliuliza kwa Kisukuma fisi kaenda wapi. Mjukuu akamweleza kwa Kisukuma hicho hicho. Ajuza akatikisa kichwa, akasema kwamba huyo aliyeandika hakuambiwa vizuri, kwa kuwa fisi wa hadithi anayoijua yeye hakuondoka kabla ya kuahidiwa mfupa. Akaisimulia upya kwa urefu kuliko ilivyo kitabuni, na wimbo katikati, watoto wakiitikia. Alipomaliza akaamuru, "Haya, mjukuu wangu, endelea, tumwone huyo fisi wa kwenu."

Sijaona somo la ufahamu lililo bora kuliko lile. Katika robo saa mtoto alisoma, alifasiri, alisikia kwamba kisa kimoja chaweza kuwa na njia mbili, na alirudi kwenye kurasa zake akiwa na sababu mpya ya kuzifuata, kwani sasa alitaka kujua kama fisi wa kitabuni naye atadai mfupa. Bibi, kwa upande wake, hakuketi pembeni kama mtu aliyepitwa na zama. Alikuwa hakimu wa baraza, na hukumu yake ilitegemewa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wazee wengi wasiojua kusoma hunyanyuka na kujiondoa kitabu kifunguliwapo, wakidhani kwamba mambo hayo ni ya wenye macho ya kisomo, na kwa kujiondoa kwao humfanya mtoto achague kati ya kitabu na bibi. Mtoto mwenye akili timamu atamchagua bibi.

Wapo wazazi, na hata walimu, waaminio kwamba Kisukuma nyumbani huzuia Kiswahili shuleni, na kwa sababu hiyo hukataza lugha ya mama isisikike penye kitabu. Rai yangu ni nyingine. Mtoto wa Didia hubembelezwa kwa Kisukuma, husoma kwa Kiswahili, na akifika sekondari husomeshwa kwa Kiingereza. Lugha tatu hizi atazibeba kwa vyovyote, na lililo katika uwezo wetu ni kumsaidia azipatanishe ndani ya nafsi yake mapema. Kisa kilichosomwa kwa Kiswahili kikazungumzwa kwa Kisukuma kimefunguliwa mlango wa nyumbani; maneno mageni hupata maana kwa mama, kwa kaka, kwa shangazi aliyekuja kusalimia, na Kiswahili chenyewe huacha kuwa lugha ya amri na adhabu.

Kanda yetu si ngeni katika mambo ya kisomo. Mwaka 1967, sensa ilipofanywa, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata Mwanza ilikuwa makao ya mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuenezwa katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwa miongoni mwake. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba watu wazima tisa katika kila kumi wamejua kusoma. Wakulima walikaa chini ya miembe baada ya palizi, wakajifunza herufi kutoka katika vitabu vilivyoeleza kilimo cha pamba, utunzaji wa ng'ombe, uvuvi na malezi. Jambo lile lilikuwa fahari ya taifa, na aliyeliona hawezi kulisahau. Lakini vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya manufaa, nayo manufaa yakishapatikana mtu hana haja ya kurudia ukurasa. Aliyekwisha kujua namna ya kupanda pamba kwa mistari hasomi tena habari zake jioni kwa kujiburudisha. Likatolewa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho ili wahitimu wasisahau, na hilo nalo lilipendwa. Kisha uchumi ukayumba mwanzoni mwa miaka ya 1980, karatasi ikawa adimu, na mamia kwa maelfu ya watu waliofunguliwa macho wakabaki bila kitu cha kutazama. Kisomo kilifika kwa mtu mmoja mmoja, kikakoma kwake. Hakikupata muda wa kuwa desturi ya nyumba.

Hata hivyo mbegu fulani ilisalia, na naiona kila nikikutana na watu wa rika langu. Yataje mbele yao masimulizi ya vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu tuliyoyasoma shule ya msingi, taja Sizitaki Mbichi Hizi au Kibanga Ampiga Mkoloni, na nyuso zitakunjuka hapo hapo. Dereva, karani na mchuuzi wa mchele watashindana kukumbuka picha ilikuwa upande gani wa ukurasa. Hayo hayakuwa masomo ya mbolea. Yalikuwa visa, na kwa sababu yalikuwa visa yamekaa nasi miongo kadhaa bila kulazimishwa.

Ndugu zetu wa pwani walilijua hili zamani, kwani kwao maandishi na sauti ya nyumbani havikutengana. Tenzi ziliandikwa ili zighaniwe mbele ya watu, na asiyejua kusoma alizihifadhi kwa sikio sawasawa na msomi. Mwana Kupona binti Mshamu alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha, ambao kwanza kabisa ni sauti ya mama mmoja kwa mtoto mmoja, kabla haujawa hazina ya wote. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mvulana. Na karibu yetu zaidi, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika kwa muda mrefu kupata mtoto, hata wakajaaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akaingoja jumla ya miaka thelathini na mitano tangu aikamilishe, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Aliiandika ili desturi za wahenga zisipotee kwa vizazi vijavyo. Nasikitika kwamba nyumba nyingi za kandokando ya Ziwa hazijapata kuiona riwaya hiyo, ilhali ndani yake mna vyakula vyao, maagano yao na ugomvi wao wa mashemeji, yote yameandikwa kwa subira isiyo na kifani.

Na Didia ina mfano mwingine uliobandikwa langoni mwa shule yake, ingawa wapitao hawaufikirii. Yohane Bosco, ndiye huyo Don Bosco, alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha wakulima huko Italia ya kaskazini. Babaye alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili, na mamaye, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika. Mvulana huyo alipozijua herufi, majirani walimwita jioni za baridi katika mazizi walimokusanyika kupata joto la ng'ombe, wakamsimamisha juu ya benchi awasomee visa vya wafalme wa zamani wa Ufaransa, nao wakamsikiliza kwa saa nyingi, wazee kwa wadogo. Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye shule kadha wa kadha duniani alianza kwa kuwasomea wasiojua kusoma, zizini, usiku, na mama asiyejua herufi akiwa miongoni mwa watu wake. Msukuma gani asiyelifahamu baraza la namna hiyo?

Lipo jambo moja zito la zama hizi, linalopunguza watu wa baraza la nyumbani, ambalo lazima nilitaje. Dhahabu imewaita akina baba wa nchi hii. Kutoka Didia na vijiji vya jirani vijana na watu wazima huenda Kahama, Geita, Nyarugusu na kwingineko, wengine kwa ajira za migodi mikubwa, wengi zaidi kwa maduara ya wachimbaji wadogo, ambako mtu hushuka shimoni kwa kamba na hupanda akiwa na kiroba cha mawe ambayo huenda yakawa na kitu na huenda yasiwe nacho. Miezi hupita. Mtoto hukua akimjua baba kwa muamala wa fedha na kwa sauti ya haraka isemayo "mpe simu mama yako." Baba mmoja wa hapa, mponda mawe kwenye karasha, alimnunulia mwanawe kitabu kidogo alipokuja likizo ya mavuno, na tangu hapo, akipiga simu jioni, humtaka mtoto amsomee ukurasa kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, na wenzake kambini hunyamaza wakisikiliza, kwa sababu nao wana watoto. Mtoto yule husoma mchana kwa siri ili jioni asikwame. Hakuna mwalimu aliyemwamuru.

Nina nasaha moja kwa wazazi watakaojaribu, nayo yatokana na kuona jambo jema likiharibiwa. Msiugeuze muda huu kuwa mtihani. Sisi Watanzania tuna mazoea ya kuuliza, hadithi haijatulia masikioni, inatufundisha nini. Na mtoto ambaye kila kisa kinamalizikia katika swali hilo hujifunza kuogopa ukurasa wa mwisho. Akikwama katika neno, mpe neno hilo apite. Akitaka kuruka kwenye picha ya simba, aruke. Akilala katikati, kitabu kifungwe taratibu, na kesho aulizwe yeye mlipofikia. Makosa ya matamshi yatajisahihisha. Woga ukishaingia hautoki.

Vitabu havikosekani kama ilivyokuwa zamani. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa nchini mwaka 1991, visa vingi vya Kiswahili vimeandikwa na Watanzania na kuchorwa na Watanzania kwa ajili ya watoto wa umri wote, na wachapishaji wa Dar es Salaam wameendelea kuvitoa. Bei ya kimoja aghalabu haifiki bei ya jogoo. Maktaba ya mkoa iko Shinyanga mjini, na watu wa Didia hufika mjini kwa mambo ya hospitali, benki na biashara kila juma. Kinachokosekana ni mazoea ya kukihesabu kitabu cha hadithi katika matumizi ya nyumba, pamoja na sabuni na mafuta ya taa ya zamani zile.

Basi, ndugu msomaji, mwaka huu pamba ikishapimwa au mpunga ukishauzwa, usirudi kutoka mjini kabla hujanunua kitabu kimoja cha hadithi kisichokuwamo katika orodha ya shule. Usikivike jalada la gazeti, wala usikiweke juu ya kabati. Kiache mkekani, wadogo wakishike, na usiku huo huo, ugali ukishaliwa, zima televisheni, mwite na bibi, na mtoto aanze kusoma.